Mguu wa Kulia

Gesi iliniishia Jumapili asubuhi, maharage yakiwa bado mabichi, nikatoa jiko la mkaa lililokaa nyuma ya mlango tangu mwaka jana. Mkaa ulikuwa na unyevu, moshi mwingi moto kidogo. Jioni nikaketi uani kusugua sufuria iliyokuwa nyeusi tii. Nikajikuta nimechovya kidole kwenye masizi, nayasaga kwa dole gumba, na mkono wa pili unatafuta chupa ya mafuta ya nazi. Nikayachanganya kiganjani, nikanusa. Binti yangu akatoka ndani akauliza kama moshi umeniingia machoni. Nikamwambia ndiyo.

Nilikuwa namlilia Mamdogo.

Mliokuja kwenye arobaini yake mnakumbuka yale mabishano ya wazee barazani. Mmoja alimjua kama mcheza sindimba, mwingine anasema yule alikuwa bibi kizee wa maigizo, wa tatu anaapa kwamba alikuwa mwimbaji wa taarabu na kwamba ngoma hakucheza hata siku moja. Wote walikuwa wanamsema mtu mmoja. Vikundi vya sanaa vya Dar es Salaam vilikuwa hivyo miaka ya 80 na 90. Onyesho la Jumapili lilifunguliwa alasiri kwa ngoma za asili, ikaja sarakasi, kwaya, kichekesho, igizo, na kufunga kwa taarabu giza likiwa limeshaingia, na wasanii walikuwa wale wale. Aliyetoka jasho la ngoma ya bugobogobo ndiye aliyerudi na gauni la kumetameta kushika maikrofoni. Kikundi cha Muungano walifanya hivyo, cha Mandela hivyo hivyo, na TOT, yaani Tanzania One Theatre, ilipoanzishwa 1992 chini ya Kapteni John Komba ilifuata mkondo huo huo. Kikundi cha Mamdogo kilikuwa kidogo kuliko hivyo vyote, na kadiri kikundi kilivyokuwa kidogo ndivyo kila msanii alivyobebeshwa mengi.

Mimi kwa upande wangu nasema Mamdogo alikuwa mwigizaji kwanza. Sauti alikuwa nayo, sikatai. Lakini waimbaji wanakumbukwa kwa sababu kaseti ziliwabeba, na leo ukitaka kumsikia Khadija Kopa au Nasma Khamis wa enzi zile za kupashana, utampata. Igizo halikuandikwa hata mstari mmoja. Kiongozi aliwakusanya asubuhi akawapa kisa kwa maneno kumi, mama katoka shamba, mtoto kaoa mjini, mkwe hamtaki, na yaliyobaki kila mtu alijitungia palepale jukwaani huku akimsikiliza mwenzake. Jumapili ijayo maneno yalikuwa mengine. Kwa hiyo kile alichokijua kuliko vyote ndicho ambacho hakikubaki popote, isipokuwa kwa sisi tuliokuwepo.

Mimi nilikuwepo. Mwaka 1993 nilikuwa na miaka kumi, nakaa kwa Bibi Magomeni, na kila Jumapili nilikuwa msichana wa nyuma ya pazia. Nilishika kanga Mamdogo abadilishe nguo. Nilishika kioo. Alianza na unga wa ngano kwenye nywele, halafu masizi na mafuta ya nazi. Alikunja uso mbele ya kioo, akafuata kwa ncha ya njiti kila mahali ngozi ilipojikunja, kisha akaulegeza uso na mistari ikabaki. "Uzee wenyewe umeshajichora," aliniambia. "Mimi naupitishia wino tu." Alikuwa na miaka ishirini na sita.

Bibi hakuwa amewahi kumwona jukwaani. Msimwelewe vibaya Bibi yangu. Watu husema wazee wa zamani walidharau sanaa, lakini kwa Bibi hilo lingekuwa uongo, maana yeye mwenyewe alikuwa ndiye anayeitwa kila mwali anapochezwa, kuanzia Magomeni hadi kwao Kisarawe. Nyimbo za mkole alizijua zote, na Mamdogo alianza kuimba akiwa amebebwa mgongoni mwake. Neno la Bibi lilikuwa moja, kwamba ngoma ina uwanja wake na ina watu wake. Ukiiweka mlangoni ukaikatia kiingilio, mlevi mwenye hela akaingia na mwenye haki nayo akabaki nje, basi umeuza kisicho chako. Alimwambia hivyo Mamdogo siku anajiunga na kikundi, na baada ya hapo hakurudia. Walisalimiana, walikula pamoja sikukuu, kazi ya Mamdogo haikutajwa.

Jumapili ile kisa kilikuwa cha mama na mkwe, na Mamdogo ndiye mama. Jumamosi usiku alinivuta pembeni akaniomba kisutu cha Bibi. Si kanga nyingine, kisutu kile kile, chekundu kilichofifia kuwa kama rangi ya tofali, ambacho Bibi alikihifadhi sandukuni pamoja na karafuu na vipande vya udi. "Kitarudi kabla ya magharibi," alisema. Bibi alikuwa anakwenda hitima Kigogo. Funguo nilijua zilipo.

Nikakitoa. Nikakifunga ndani ya gauni langu la shule nikaenda nacho ukumbi wa DDC Magomeni Kondoa, na sikuona ubaya wowote mpaka Mamdogo alipokivaa.

Nilimfahamu yule mtu aliyesimama mbele yangu. Bibi alikuwa na goti bovu la kulia tangu alipoanguka kisimani kabla mimi sijazaliwa, na Mamdogo alipopiga hatua ya kwanza kutoka pale kwenye kioo, goti la kulia likakataa kukunja vile vile. Mkono ukaenda kiunoni vile vile. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba miaka yote ile aliyonyamaziwa, alikuwa anamtazama mama yake.

Alipoingia jukwaani ukumbi mzima uliangua kicheko kwa mwendo tu. Akafika kwenye kigoda, akashika goti, akashusha pumzi ndefu, akasema, "Ewe Mola, nitue mzigo huu." Maneno ya Bibi ya kila jioni. Watu wakapiga meza. Mkwe akaanza kumsimanga, naye akawa anajibu kwa upole kiasi kwamba wanawake wa meza za mbele walishaanza kumtukana mkwe kwa sauti.

Nikaangalia mlangoni na Bibi alikuwa amesimama pale.

Baadaye nilijua kwamba hitima iliisha mapema, alikuta kifuniko cha sanduku hakijakaa sawasawa, na jirani akamwambia ameniona na kifurushi naelekea Kondoa. Mkata tiketi alimpisha kwa heshima ya umri wake. Alikuwa na buibui lake la kuendea hitima. Alimtazama mtu aliyekaa kwenye kigoda kwa muda mrefu, uso wake haukubadilika hata kidogo, kisha akaanza kutembea kuja mbele, katikati ya meza.

Akawa anachechemea, na mama wa jukwaani naye alikuwa amenyanyuka anachechemea. Mguu ule ule, mkono kiunoni ule ule. Watu wakageuka wakamwona, na wakadhani ni sehemu ya igizo. Kicheko kilichopanda pale sijakisikia tena maishani mwangu. Walidhani kikundi kimeweka mwigizaji wa pili katikati ya watazamaji, wakamshangilia kwa ustadi wake wa kutembea. Wengine walisimama ili wamwone vizuri. Bibi yangu alipita katikati ya watu wanaomcheka goti lake, na hakuharakisha wala hakusita.

Alipofika chini ya jukwaa akafunua buibui, akafungua pindo la kanga aliyovaa ndani. Alilifungua taratibu, fundo lilikuwa limekazwa. Akatoa noti ya shilingi 200, zile zenye sura ya Mzee Mwinyi, iliyokunjwa mara nne. Akainyoosha. Akamnyooshea mkono.

Watu hutunzwa kwenye taarabu. Kwenye igizo hakuna anayeinuka kutoa hela, na Bibi hata mila hiyo ya ukumbini hakuijua. Mamdogo alikuwa katikati ya sentensi. Alinyamaza. Alimtazama mama yake, akaja hadi ukingoni mwa jukwaa, na hapo goti la kulia likakunja. Yalikunja yote mawili kwa mara moja, mepesi, kama ya msichana anayempa mgeni maji ya kunawa. Akapiga magoti, akapokea kwa mikono miwili. Unga ulidondoka kutoka kichwani ukamwangukia Bibi kwenye mkono mweusi wa buibui.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba," Bibi akajibu. Akasema na jambo jingine. Niliona midomo, nilikuwa hatua tano tu kutoka pale, lakini ukumbi ulikuwa unapiga makofi na miluzi na sikulipata hata neno.

Kisha Bibi akageuka akaondoka kama alivyokuja.

Mamdogo akanyanyuka kurudi kwa mkwe wake. Igizo likaendelea, watu wakatulia, wakacheka tena, na nadhani hakuna aliyegundua. Lakini mimi nilimwona. Alikuwa anachechemea mguu wa kushoto. Alitembea hivyo hatua nne au tano, mpaka kwenye kigoda, na alipoketi alishika goti la kushoto. Mtu ambaye sijawahi kumwona akikosea hatua ya ngoma, ambaye aliweza kubadili nguo gizani akatoka na hereni zake sikioni, siku hiyo alisahau mguu. Alipoinuka mara ya pili alikuwa amesharudi kulia.

Taarabu aliimba kama kawaida. Nilimfuta uso mbio mbio na alama ya masizi ilibaki kwenye kipaji chote jioni ile. Watu walimtunza, hela zikaingia kwenye bakuli la kikundi kama ilivyokuwa utaratibu. Noti ya Bibi haikuingia bakulini.

Nilirudisha kisutu usiku, natetemeka. Bibi alikipokea bila neno, akatoka nacho nje akakikung'uta unga, akakikunja, akakirudisha sandukuni. Sikupigwa. Hakuniuliza. Tangu siku ile hakusema tena maneno yake ya uwanja na kiingilio, lakini ukumbini pia hakwenda tena, hadi alipofariki.

Yaliyofuata mnayajua. ITV ilianza 1994, watu wakaanza kuangalia maigizo nyumbani kwa jirani mwenye seti. Taarabu ya mipasho ikajaza kumbi, na muda wa ngoma na maigizo ukapunguzwa wiki baada ya wiki, maana mwenye hela alitaka kusikia nani kampasha nani. Kikundi cha Mamdogo kilikufa pole pole, bila tangazo. Aliimba kwenye maharusi, halafu kifua kikaanza kumsumbua, akauza vitumbua, na wateja wake wengi hawakuwahi kujua.

Nilimuuliza mara nyingi kile Bibi alichosema. Mara ya kwanza usiku ule ule, mara ya mwisho hospitali. Jibu lake lilikuwa moja: "Alisema marahaba." Nikimsukuma anageuza mazungumzo. Mama yangu anaamini Bibi alimpa radhi mwanawe mbele za watu, kwa njia pekee aliyoona inafaa mahali pale. Mjomba anaamini kinyume, kwamba Bibi alilipia kiingilio alichosamehewa mlangoni, ili asiwe na deni na kitu alichokikataa, na anasema Bibi hakuwa mtu wa kutoa radhi kwa noti. Mimi nimekaa na yote mawili miaka zaidi ya thelathini. Kuna siku naamini la mama. Nikikumbuka jinsi alivyopita katikati ya kile kicheko, naanza tena upya.

Kisutu kilimfikia Mamdogo Bibi alipofariki, na sasa kimenifikia mimi. Nilipokifungua baada ya arobaini, kwenye pindo kulikuwa na fundo, na ndani ya fundo ile noti, bado imekunjwa mara nne. Sikuikunjua. Nimelifunga fundo kama nilivyolikuta.

Basi Jumapili ile binti yangu hakuondoka uani. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaniuliza yale masizi kiganjani ni ya nini. Nikamwambia akunje uso. Akakunja. Nikavunja njiti ya kiberiti, nikafuata mistari ya kipaji, kisha ya pembeni mwa mdomo, na alipoulegeza uso akakimbilia kwenye kioo akacheka kwa nguvu. Akarudi ameshika kiuno. Ameniona nikimsimulia mdogo wake habari za Bibi, kwa hiyo alijua kuna kuchechemea.

"Mguu gani, mama?"

"Kulia," nikamwambia. "Goti halikunji. Anza tena kutoka mlangoni."