Chupa sita chini ya kitanda: nimefika ya nne

Mei

Mradi wenyewe ni mdogo. Nina chupa sita za waini, tano nyekundu na moja ya mapovu, zote za Afrika Kusini. Nafungua moja kila mwezi hapa nyumbani South B, Nairobi, kisha naandika nilichoonja kabla usingizi haujanichukua.

Ya Aprili ilikuwa imekaa miaka mitatu juu ya friji, mahali nilipodhani ni pa heshima. Kumbe friji hutoa joto mchana na usiku. Kizibo kilikuwa kimeanza kuchungulia nje, na waini ina ladha ya zabibu kavu zilizopikwa. Nilipikia nyama. Ya Mei ilikuwa nzuri, nikaimaliza kabla sijaandika neno. Zilizobaki nimezilaza kwenye katoni chini ya kitanda, upande usiopigwa na jua, ili vizibo visikauke.

Juni

Pinotage ya 2009. Zabibu hii ni mtoto wa Pinot Noir na Cinsaut, aliyezalishwa na Abraham Perold kule Stellenbosch mwaka 1925. Kule Cinsaut ikiitwa Hermitage, ndipo jina likapatikana: Pinot, na "tage" ya Hermitage.

Niliisimamisha tangu jana yake mashapo yashuke. Nikazungusha kizibuo, nikavuta: nusu ya kizibo ikatoka, nusu ikabaki shingoni, laini kama mkate uliochovywa kwenye chai.

"Sukuma ndani tu, shemeji," ndugu wa mke wangu akasema. "Tutakunywa na vipande."

Nilihangaika na kisu robo saa nzima, mwishowe nikasukuma. Nikamimina kwenye jagi kupitia kichujio cha chai, tena kipya, maana kile cha kila siku kinanuka tangawizi. Mke wangu alishika tochi ya simu nyuma ya shingo ya chupa. Unamimina polepole bila kusita, kwani ukisimama katikati mashapo yanavurugika. Mstari mweusi ulipofika begani mwa chupa nikaacha. Vidole viwili hivi vilibaki chini, nikamwaga.

Nikainamisha glasi juu ya karatasi nyeupe: pembeni wekundu umeshageuka rangi ya tofali. Harufu ya kwanza ni ngozi ya kiatu na majani makavu, halafu, kwa mbali, matunda damu. Ule ukakasi unaokausha ulimi kama chai ya rangi iliyochemka mno ulikuwa karibu umeisha. Sehemu yake ndiyo hiyo iliyoshuka ikawa mashapo. Baada ya nusu saa tunda likaanza kufifia. Shemeji akasema imechoka. Mimi nasema tulichelewa kumimina.

Julai

Ya mapovu. Stima ilipotea tangu asubuhi, nikajiambia kibaridi cha Julai kinatosha. Hakikutosha. Kizibo kiligonga dari na theluthi ya chupa ikaishia sakafuni.

Kwanza nililaumu mwinuko: tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari na hewa yetu ni nyepesi. Halafu nikapiga hesabu. Ndani ya chupa kama hii shinikizo ni karibu mara 6 ya lile la hewa ya pwani. Tofauti ya Mombasa na Nairobi haifiki hata robo ya hilo la pwani. Kosa ni langu: gesi hutulia kwenye kinywaji baridi, na mimi niliipandisha ngazi ghorofa tatu ikitikisika, nikaifungua papo hapo.

Iliyosalia niliizamisha kwenye ndoo ya maji, barafu na konzi mbili za chumvi. Nusu saa tu ikawa baridi ya kuuma vidole. Ilinukia gamba la mkate wa moto, kazi ya hamira iliyoichachusha mara ya pili humohumo chupani. Glasi nne tu, lakini ndizo bora mpaka sasa.

Zimebaki mbili, zote Cabernet Sauvignon ya 2008. Nimeshanunua kizibuo cha bapa mbili nyembamba zinazopenya kati ya kizibo na kioo. Shemeji ameahidi kuleta nyama choma mwezi wa nane. Nimemwomba pilipili aiache kwake.