Kaunta buku la Mama

Juzi tulikuwa tunatafuta cheti cha kuzaliwa cha yule mdogo, shule wanakitaka, na huyu mkubwa akaibuka na ile bahasha ya kaki iliyokuwa chini kabisa ya droo. Akaifungua kabla sijamwahi. "Mama, makaratasi yote haya ya nini? Mbona huyatupi?" Nikamwambia ni risiti za kodi, za ile nyumba ya zamani.

"Ile tuliyofukuzwa?"

Hatukufukuzwa. Nilimjibu hivyo kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, hata baba yake akachungulia kutoka chumbani. Wakati ule huyu mtoto alikuwa bado anajifunza kufunga vifungo vya shati. Hilo neno sijui alilisikia kwa nani, na tangu juzi halinitoki.

Ulikuwa mwaka 2020, mwaka wa korona, nadhani sina haja ya kueleza sana. Mnajua kazi yangu ilikuwa mikutano: viti, vipaza sauti, beji za majina. Mikutano ikafa ndani ya wiki moja. Mume wangu naye wakamkata nusu ya mshahara "kwa muda", na huo muda hakuna aliyesema unaisha lini. Kodi ya mwanzo tulilipa kwa akiba. Iliyofuata tukalipa nusu. Baada ya hapo tukawa tunapeleka chochote kilichopatikana, angalau tusionekane tumenyamaza. Ubaya wa kulipa namna hiyo ni kwamba unatoa pesa na deni linaongezeka, kwa sababu mwezi mpya unaingia na kodi yake nzima kabla hujamaliza kiporo cha mwezi uliopita.

Watu walikuwa wanatutumia habari za nchi zilizosimamisha kufukuza wapangaji, wanatutumia kwa furaha kabisa, kana kwamba ni msamaha. Ukizisoma mpaka chini unakuta kilichozuiwa ni kutolewa nje, tena kwa kipindi maalumu. Kodi iliendelea kuhesabiwa kama kawaida. Zuio likiondolewa, deni unalikuta pale pale ulipoliacha, limenenepa.

Basi ikaja barua, imeletwa na dalali. Tulipe malimbikizo yote pamoja na faini ndani ya siku 14, la sivyo tuhame. Chini kulikuwa na jumla, imepigiwa mistari miwili ya wino mwekundu. Dalali alisimama mlangoni mpaka nikamaliza kusoma, kisha akasema kwa upole, kama mtu anayekutakia mema, kwamba kufuli jipya ameshanunua.

Nina rafiki aliyekuwa anajitolea kwenye ofisi ya msaada wa kisheria. Usiku ule nilimpigia nikiwa nimejifungia bafuni ili watoto wasisikie. Akaniacha nilie kidogo, halafu akaanza. Notisi ni hatua ya kwanza, wala si hukumu. Sehemu nyingi zenye sheria ya upangaji, mwenye nyumba haruhusiwi kukubadilishia kufuli wala kukutolea vyombo nje kwa uamuzi wake mwenyewe. Lazima apite mahakamani au kwenye baraza linalohusika, apewe amri, na hapo nawe unapata nafasi ya kusikilizwa. Usihame kwa kuogopa karatasi. Endelea kulipa unachoweza, na kila unapolipa andika ni cha mwezi gani. Usiombe amana, ile pesa ya dhamana uliyoweka ulipohamia, igeuzwe kodi ukadhani umemaliza, kwa sababu mwenye nyumba halazimiki kukubali. Na usisaini popote penye jumla usiyoikubali, maana saini yako ndiyo ushahidi wake.

Kisha akauliza swali ambalo hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza.

"Kwani unadaiwa kiasi gani?"

Nikamtajia jumla ya kwenye barua.

"Hiyo ni hesabu yake. Yako inasemaje?"

Sikuwa nayo. Nilikuwa na woga tu, na woga hauna tarakimu. Nikakesha sebuleni nikipanga risiti sakafuni mwezi kwa mwezi, na zile tulizolipa kwa simu nikanakili ujumbe wake kwa kalamu: tarehe, saa, kumbukumbu namba. Mume wangu aliamka kunywa maji akanikuta nimezungukwa na karatasi, akaniruka bila kusema neno.

Mama mwenye nyumba tulimwandikia sisi wenyewe, dalali hatukumpitia. Akatuita Jumamosi jioni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kaeni."

Hakuongeza kitu, na sikumlaumu. Mezani palikuwa na kaunta buku lake, lile gumu lenye jalada jeusi, kona zimechakaa mpaka kadibodi inaonekana. Alikuwa mwalimu zamani na daftari lenyewe lilikuwa linasema hivyo: kila mpangaji ana ukurasa wake, pembeni mistari ya rula, tarehe zimepangana. Ukurasa wetu ulikuwa umekunjwa sikio. Akavaa miwani yake ya kamba, akalamba kidole, akafungua.

Tukaanza. Yeye anasoma, mimi naweka risiti mezani. Mwezi wa nne, sawa. Wa tano, nusu, sawa. Akafika wa sita.

"Wa sita hakuna."

"Wa sita tulilipa, Mama. Hatukumaliza, lakini tulilipa kwa simu."

"Kwangu haikuingia."

Hakusema kwa ukali. Alisema kwa uhakika, na mimi uhakika wa mtu mzima hunitetemesha kuliko ukali. Mume wangu akamsogezea karatasi niliyonakili. Akaisoma akiishika mbali na macho, akaichukua simu yake, akaanza kupandisha ujumbe mmoja mmoja kwa kidole gumba. Nadhani hamjawahi kumtazama mtu mwenye miaka yake akitafuta ujumbe wa miezi mitatu nyuma. Kulikuwa na matangazo, salamu za kikundi cha kanisa, picha za maua zenye maneno ya asubuhi njema. Kila mara anasimama, anasogeza miwani, anasoma mpaka mwisho hata tangazo, kisha anapanda tena. Saa ya ukutani ilikuwa inagonga. Nilitamani kumnyang'anya ile simu.

Akasimama. Akasoma. Akaangalia karatasi yangu, akarudi kwenye simu.

"Huyu nani?" Akasoma jina.

"Mdogo wangu, Mama," mume wangu akasema. "Siku ile laini yangu iligoma, nikampa pesa taslimu akakutumia."

Mama akavua miwani. "Mimi huyu nilijua ni wa chumba cha nyuma."

Akafungua ukurasa wa chumba cha nyuma, na pesa yetu tukaiona. Imekaa pale kwa wino wa bluu, kwa mwandiko mzuri wa mwalimu, tarehe ile ile na kiasi kile kile, kwenye hesabu ya kijana ambaye hajui habari.

"Ndiyo maana mwezi ule nilimsifu," akasema Mama. "Na yeye akashukuru!"

Tukacheka. Tulicheka sote watatu mpaka Mama akapangusa macho kwa ncha ya kitenge. Halafu akaacha ghafla, nikaona amekumbuka kuwa kama ile pesa ni yetu, basi chumba cha nyuma nako kunadaiwa.

Baada ya hapo nilipata ujasiri wa kutoa mkataba. Kipengele cha faini kilisema mwezi ukipita tarehe 10 bila kodi kukamilika, inatozwa faini mara moja kwa mwezi huo. Kwenye barua, deni la mwezi wa tano lilikuwa limetozwa faini mwezi wa tano, likatozwa tena wa sita, na wa saba faini ikatozwa juu ya faini. Kulikuwa pia na kitu kinaitwa "usumbufu".

"Mama, hesabu hii ulipiga wewe?"

"Dalali."

"Na huu usumbufu?"

Akanyamaza. Kisha akachukua rula. Wengine tungechora tu mstari juu ya namba tukaendelea, lakini yeye aliweka rula sawasawa, akakata faini ya kwanza iliyozidi, akasogeza rula, akakata ya pili, na pembeni ya kila mstari akaweka saini yake ndogo. Usumbufu aliukata mara mbili.

Mtu asidhani tulitoka pale hatudaiwi. Jumla mpya ilikuwa bado zaidi ya kodi ya miezi miwili, na kwa hali yetu hiyo ilikuwa mlima. Ila sasa nilijua kila kipande chake kimetoka wapi, na sikuwa na cha kubishia.

"Mnafikiri hii nyumba ni yangu?" Mama akasema. Hatukujibu. "Ni ya benki. Niliwaomba wanisogezee marejesho, wamesogeza. Riba hawakuisogeza."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hilo. Nilikuja na sheria yangu na risiti zangu, kumbe na yeye ana barua yake yenye siku zake mahali fulani kwenye droo. Sijui kwa nini ilinikasirisha kidogo. Ni rahisi kudaiwa na mtu tajiri.

Ikaja sasa namna ya kulipa. Mume wangu, kwa aibu ya kukaa mbele ya mtu mzima, akataka kutamka nusu ya kodi juu ya kodi kila mwezi. Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Yule rafiki alikuwa amenionya: mpango wa deni haufi kwa kuwa mdogo, unafia mwezi wa pili kwa kuwa mkubwa. Taja kiasi ambacho hata mwezi mbaya hakikosekani. Nikakitaja, na kilikuwa kidogo cha kutia aibu.

"Kwa mwendo huo mtamaliza lini?"

"Mama, huo mwingine hatutaumaliza kabisa."

Akanitazama kwa muda. Akahesabu kwa vidole, akaandika kitu pembeni ya ukurasa, akakifuta. Mwishowe akasema haya. Tukaandika nakala mbili kwa mkono: kodi ya mwezi inalipwa kwanza na kamili, kipande cha deni kinafuata, kila kimoja na risiti yake, tukikwama tutasema kabla ya tarehe, si baada, faini haitatozwa kwenye deni la zamani maadamu mpango unafuatwa. Akaandika "maadamu", kwa mwandiko ule ule. Tukasaini. Dalali sikumwona tena, ila kufuli lake nilikuwa nalifikiria kila nikisikia hodi.

Tulilipa. Kuna mwezi tulikwama, tukasema kabla, kipande kikasogezwa mwisho wa orodha. Mikutano ikaanza kurudi, kwanza ya mitandaoni ambako viti havihitajiki, halafu ya kweli. Risiti ya mwisho imo humo kwenye bahasha, ameandika "Deni limekwisha" na kupiga mstari chini. Kwa rula.

Mkataba ulipofika ukingoni hakutuongezea. Alitupa taarifa mapema, kwa maandishi, kila kitu kwa utaratibu. Akasema kijana wake anarudi na familia, anahitaji mahali. Amana akaturudishia, amekata rangi ya ukuta mmoja tu, na kwa michoro ya watoto wangu ningekata zaidi. Kijana alihamia kweli, nilihakikisha. Lakini chumba cha nyuma, yule aliyebebeshwa pesa yetu na akaipokea na sifa zake, alibaki.

Mume wangu anasema hakuna fumbo hapo: nyumba ni yake, mkataba umekwisha, mtoto wake kwanza. Mimi huwa najiuliza kama mtu aliyekukalisha mezani ukakata hesabu zako kwa mkono wako mwenyewe, unaweza kumtazama kila mwisho wa mwezi bila kuchoka. Labda angetuondoa mapema zaidi kama tusingeenda na ile bahasha. Labda angetuongezea mkataba. Nimeyageuza hayo mpaka yamelainika na bado hayajanijibu.

Tulipopata hii tunayokaa, mwenye nyumba alitaka namba ya tulikotoka. Nikampa ya Mama, usiku sikulala. Kesho yake akapiga.

"Nimeongea naye. Amesema wewe ni mtu wa kuandika."

"Amesema nini kingine?"

"Hayo tu. Mtu wa kuandika."

Kisha akasema amana kwetu itakuwa ya miezi miwili, wakati tangazo lake lilisema mmoja. Tukalipa ya miezi miwili. Mume wangu mpaka leo anashikilia kwamba tulisifiwa.