"Kura" ikawa "kula"

Leo hapa Malindi, kipindi cha nukta nundu (maandishi ya kupapasa ya wasioona) kwa wanaosomea ualimu wa elimu maalumu. Wiki mbili tulikuwa mtandaoni. Leo ana kwa ana.

Mwanafunzi kaandika neno "kura" kwa mashine ya nukta nundu, karatasi yasoma "kula".

Herufi r ni nukta 1, 2, 3 na 5. Nukta 5 ni ya kidole cha kati, mkono wa kulia. Kikilegea, hubaki 1, 2 na 3, na r hugeuka l.

Kwenye skrini vidole vilishuka sawasawa kabisa! Kamera haioni nguvu ya kidole, wala nundu haipapasiki kwenye kioo.

Nikaweka vidole vyangu juu ya vyake, tukabonyeza vinne kwa mpigo mmoja. Mara ya nne, nundu ikasimama.

Walimu wenzangu, nyinyi mwafanyaje?