Bima ya mafuriko inaanzia serikali ya mtaa

Mchana niko dawati la madai kwenye kampuni ya bima hapa Dar es Salaam. Jioni na Jumamosi nasoma shahada ya uzamili ya usimamizi wa maafa. Nyumbani wanadhani hayo ni mambo mawili tofauti, moja la riziki na jingine la cheti. Kwangu yaligeuka kuwa jambo moja siku nilipoanza kusoma jinsi Wamarekani wanavyouza bima ya mafuriko.

Kule kampuni binafsi zilishaikimbia bima hiyo zamani, hasa baada ya Mto Mississippi kufurika mwaka 1927. Serikali ikaingia yenyewe mwaka 1968, ikaanzisha mpango wa taifa. Nyumba ya familia inakatiwa hadi dola 250,000 kwa jengo na hadi dola 100,000 kwa vilivyomo ndani. Kwa kawaida mkataba hauanzi kufanya kazi mpaka zipite siku 30, kwa hiyo huwezi kuona wingu jeusi ndipo ukimbilie kwa wakala.

Lakini kilichonishika si viwango hivyo. Kule mwenye nyumba hawezi kuununua mkataba huo mpaka mji wake uwe umejiunga kwanza. Na mji haujiungi kwa kusaini tu. Unakubali ramani za mafuriko, unatunga sheria ndogo za ujenzi na kuzisimamia: ukijenga nyumba mpya kwenye eneo la hatari, sakafu yake lazima iinuliwe ifikie kimo ambacho maji yanakadiriwa kufika. Halmashauri ikilegea, wakazi wake wote wanaweza kukosa bima. Na tangu 1990, mji unaofanya zaidi ya kiwango cha chini, kwa mfano kuacha mabonde wazi au kuwa na mfumo mzuri wa tahadhari, unawapatia wakazi wake punguzo la ada linaloweza kufika asilimia 45.

Kwa hiyo afisa mipango miji anaweza kukupunguzia ada ya bima. Nilipousoma ule ukurasa nilisimama, nikarudi kuusoma upya. Miaka yote ya kazi nimemhesabu mteja kama mtu mmoja na nyumba yake moja, kumbe hatari ya maji ni ya mtaa mzima.

Tuje Msimbazi. Mto huu unaanzia vilima vya Pugu, unapita Kinyerezi, Tabata, Vingunguti, Kigogo, unafika Jangwani na kuingia baharini pale Daraja la Selander. Kila mvua kubwa ikipiga, Barabara ya Morogoro inafungwa Jangwani, na mabasi ya mwendokasi yanakatiza safari. Tatizo si mvua peke yake. Mto unabeba mchanga kutoka juu, kule ambako miti imekatwa na udongo umechimbwa, halafu unauacha Jangwani ambako ardhi ni tambarare. Kina cha mto kinapungua, maji yanatafuta njia nyingine, na njia nyingine ni vyumba vya watu.

Kwa ajili ya utafiti wangu nilikwenda Kigogo na futi kamba, daftari, na mjumbe wa shina akinitangulia. Nyumba tuliyokaa muda mrefu ilikuwa ya mama mmoja mpangishaji, wa makamo ya mama yangu mzazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kupiga X ya kubomoa au umekuja kuuliza?"

Nikamwambia nimekuja kuuliza. Akanionyesha ukuta wa sebuleni. Alikuwa amechora mistari kwa mkaa, kila mstari na mwaka wake, kama mzazi anavyopima urefu wa watoto mlangoni. Mstari wa juu kuliko yote ulikuwa wa Desemba 2011, juu ya swichi ya taa. Nilipima kutoka sakafuni: sentimita 141. Kitanda kilikuwa juu ya matofali, manne kila mguu. Friji ilikuwa kwenye meza ya chuma iliyochomelewa makusudi. Hati zake zote, vyeti vya watoto, risiti za umeme na karatasi ya mauziano ya kiwanja, zilikuwa kwenye ndoo ya rangi yenye mfuniko, imening'inizwa darini.

Nikamuuliza anajuaje kwamba maji yanakuja. Akasema ana mdogo wake Kinyerezi. Huku Kigogo jua linaweza kuwa linawaka, mdogo wake akapiga simu: "Dada, huku imenyesha vibaya." Hapo anaanza kupandisha vitu na kuwaita wapangaji. Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, na siku hizi watu wanazifuata kweli kwenye simu. Ila taarifa inayosema mkoa wa Dar es Salaam haimwambii mama huyu aanze saa ngapi kubeba godoro. Ile simu ya Kinyerezi inamwambia.

Sasa, kama mtu wa bima, je, ningemkatia huyu mama? Nilifanya hesabu palepale. Tuseme nyumba inaingia maji kila baada ya miaka mitatu, na kila mara hasara ni shilingi milioni tatu. Ada ya haki kwa mwaka ni milioni moja, kabla hata ya gharama za kampuni. Hakuna mpangishaji wa Kigogo wa kuilipa, na angeilipa angekuwa anajiwekea akiba yake mwenyewe mkononi mwa mtu mwingine. Tena majirani wote wanapata hasara usiku mmoja. Bima inaishi kwa wengi kulipia wachache. Bondeni siku ya mafuriko hakuna wachache. Hata Marekani walikwama hapo: nyumba zilezile zililipwa tena na tena, na mwaka 2017 Bunge lao lilifuta deni la dola bilioni 16 la mpango huo.

Kwa hiyo bondeni kabisa dawa si bima. Ni kuwahamisha watu kwa heshima, kuwalipa, na kuwapeleka mahali penye riziki. Baada ya 2011 watu walipewa viwanja Mabwepande, na wengi wakarudi, maana kibarua na biashara viko mjini. Kuwalaumu ni dhuluma. Mradi wa Bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 mwaka 2022, una kazi ya kuhamisha watu, kuchimba mto na kuinua daraja la Jangwani. Naufuatilia kwa makini kuliko kitu chochote cha darasani.

Bima inafaa pembezoni mwa hatari: Tegeta, Boko, Mikocheni, sehemu za Tabata, ambako maji hayaji kila masika lakini yakija yanaharibu. Ramani hazikosekani. Tangu 2015 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Dar es Salaam, pamoja na wenyeji, walichora mitaa, mifereji na nyumba kupitia mradi wa Ramani Huria. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 nayo inataka kamati za maafa mpaka ngazi ya kijiji na mtaa. Ninachokitaka, na ndicho ninachokiandikia tasnifu, ni kamati ya mtaa iwe na ramani, daftari la vimo vya maji kama ule ukuta wa Kigogo, na ratiba ya kuzibua mitaro; kisha mtaa unaotimiza hayo wakazi wake wapewe ada nafuu. Mtendaji wa mtaa akijua mitaro yake inapunguza ada za watu, atakuwa na la kuwaambia siku ya kuitisha nguvu kazi.

Mahali pa kuanzia ni nyumba za mikopo ya benki, kwa sababu bima ya moto tayari ni sharti pale. Hesabu ni nyepesi: eneo lenye nafasi ya asilimia 1 tu ya kufurika kwa mwaka, ukikaa miaka 30 ya mkopo, nafasi ya kufurikiwa walau mara moja ni karibu asilimia 26. Benki inayokopesha hapo bila kuuliza habari za maji inajiweka hatarini pamoja na mteja wake.

Kama una nyumba au duka lenye bima ya moto, itoe hati usome kurasa za nyongeza. Mafuriko mara nyingi huongezwa kwa maandishi, hayaji yenyewe. Neno hilo kama halimo, mpigie wakala wako kabla masika hayajaanza, na umwombe jibu la maandishi.