Nilivyomchora Ibn Battuta anaingia Kilwa

Kitu kilichonitesa kwenye hii komiki sio kuchora majahazi wala watu, ni kwamba shahidi wangu mkuu na magofu hawasemi kitu kimoja. Ibn Battuta, yule msafiri wa Moroko, alifika Kilwa mwaka 1331, na kwenye masimulizi yake anausifia sana, mji mzuri, umejengwa vizuri, ila anasema ni wa mbao na juu wameezeka majani. Haya, sasa nenda Kilwa Kisiwani uangalie Msikiti Mkuu, mawe ya matumbawe, nenda Husuni Kubwa, ile ikulu ya sultani al-Hasan bin Sulaiman ambaye ndo huyohuyo aliyekuwa anatawala jamaa alipofika, mawe matupu, ipo juu ya genge la bahari na ina mpaka bwawa la pembe nane. Sasa wewe mchoraji unafanyaje? Ukichora mbao unaonekana hujui historia, ukichora mawe umemfanya mzee wa watu muongo.

Nilichokuja kukifanya ni hiki. Yeye hakuandika akiwa Kilwa, alikuja kusimulia akiwa Fez huko Moroko, kitabu kikakamilika 1355, na aliyeshika kalamu ni mtu mwingine, Ibn Juzayy. Yaani zaidi ya miaka 20 imepita na hapo katikati kashazunguka India, kashakuwa kadhi Maldives, kichwa kimejaa miji. Kwa hiyo kila ukurasa wa Kilwa nimeugawa, juu kuna boksi jembamba la mzee na karani wake anasimulia, chini ndo Kilwa yenyewe. Mzee akisema ni mbao tupu, chini unamuona kijana anakatiza vichochoro vya nyumba za miti na makuti, na zilikuwepo kweli maana sio kila mtu alikaa ikulu, alafu nyuma yake kuba za msikiti zinachungulia na yeye kageukia upande mwingine. Simsahihishi kwa maneno hata kidogo, msomaji ana macho.

Nimesema kijana makusudi. Watu wengi wanamchora mzee wa ndevu nyeupe, wakati alizaliwa Tangier 1304, Kilwa kafika na miaka 27 hivi! Picha yake ya enzi zile haipo, kwa hiyo nikajipa uhuru, nikamfanya mwembamba, macho ya udadisi, na kilemba ambacho kila akifika mji mpya kinafungwa vizuri zaidi kwa sababu jamaa alikuwa anapenda kupewa nguo na watawala, anazitaja sana.

Sehemu niliyoifurahia kuliko zote ni Mogadishu, alikopita kabla. Meli ikitia nanga vijana wanaifuata na mashua, kila mmoja kashika sahani ya chakula imefunikwa, anamkabidhi mfanyabiashara mmoja anasema huyu mgeni wangu, basi biashara imeisha, mgeni analala kwake na mauzo yote yanapitia kwake. Ibn Battuta alivyojulikana ni mwanachuoni akapelekwa kwa kadhi. Alafu msosi sasa: wali wa samli, juu yake mchuzi wa kuku na nyama na samaki na mboga, ndizi mbichi zimepikwa kwenye maziwa, maziwa mgando, achari ya ndimu, tangawizi, embe. Anasema mtu mmoja wa pale anakula chakula cha kundi zima la kwao. Nimempa kurasa mbili za kula tu na sijutii. Ila hapo kwenye rangi ndo uwe makini, mchuzi usiupake nyekundu, nyanya ilikuwa bado haijavuka kutoka Amerika, na mahindi na mihogo vilevile usivitie shambani. Hata lile Gereza la Kilwa, ile ngome ambayo kila mtu anapiga nayo picha, nimelifuta kwenye mandhari, Wareno walianza kujenga pale 1505.

Mombasa alilala usiku mmoja tu, nimemaliza kwa ukurasa mmoja: ndizi na samaki, watu wanatembea peku, visima mlangoni mwa misikiti, kwaheri.

Ugumu mwingine, tukirudi Kilwa, ulikuwa ile hadithi ya nguo. Ijumaa sultani anatoka msikitini, fakiri wa Yemen anamsimamisha anamwomba nguo alizovaa mwilini. Sultani anarudi ndani, anavua, anampa, fakiri anazifunga kwenye kitambaa anajitwisha kichwani anaondoka. Watu wanasifia balaa. Mtoto wa sultani akazichukua zile nguo akamlipa watumwa 10, sultani aliposikia anavyosifiwa akaongeza watumwa wengine 10 na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Rafiki yangu akashauri niwatoe watumwa niweke dhahabu, eti komiki inasomwa na watoto. Nikakataa, kwa sababu kitabu hichohicho kinasema sultani huyu alikuwa anavamia bara mara kwa mara na kuchukua mateka na mali, sasa ukiwatoa hao watu ukarimu wake unabaki hauna bei. Nimewachora wote wamesimama mstari, kila mtu na uso wake, hakuna hata kiputo kimoja cha maneno, na fakiri na furushi lake anapita mbele yao anacheka. Ule ukurasa ulichukua muda kuliko jahazi zima la mbao zilizoshonwa kwa kamba.

Kwa sasa niko sura inayofuata, upepo umegeuka, sasa ni kusi, ule unaosukuma meli kwenda kaskazini, na anapelekwa Dhofar, pwani ya Oman, na huko anasema mifugo inalishwa dagaa. Sijawahi kuchora mbuzi anatafuna samaki, naanza na huyo.