Kabla hujaandika tarehe ya mwisho, zipeleke biskuti zako Kyela

Biskuti nyingi zinazookwa Mbeya na Iringa ni nzuri zikiwa mezani. Zinaharibikia kwenye pakiti. Mtengenezaji anatumia miezi kunyoosha mapishi, halafu kifungashio ananunua chochote alichokikuta soko la Mwanjelwa, na mzigo ukifika joto la bondeni unarudishwa umelainika.

Vibali kwanza, kwa ufupi. Jina la biashara linasajiliwa BRELA (wakala wa usajili wa biashara), namba ya mlipa kodi (TIN) inatoka TRA (mamlaka ya mapato), leseni inatoka halmashauri. Tangu Julai 2019 usalama wa chakula, uliokuwa chini ya TFDA (mamlaka ya chakula na dawa), uko TBS (shirika la viwango), kwa hiyo jengo na alama ya ubora vyote vinapitia huko, na ofisi ya kanda ipo Mbeya. Mjasiriamali mdogo aanzie SIDO (shirika la viwanda vidogo) ya mkoa wake, maana barua yao ya utambulisho inampunguzia mzigo wa ada za TBS mwanzoni. Wengi wanakwama kwenye jengo: chumba cha uzalishaji kitengwe na jiko la familia, kuta ziwe za kuoshika, madirisha yawe na nyavu, pawe na sehemu ya kunawa, na kila anayeshika chakula awe amepimwa afya. Rekebisha hayo kabla ya kuomba ukaguzi.

Sasa oveni. Baridi ya Juni na Julai ina adha yake: biskuti inatoka nzima, kesho yake unaikuta ina ufa mwembamba katikati, na ikitikiswa garini inakatika. Sababu ni unyevu. Ukingo unakauka zaidi ya katikati. Biskuti ikishatoka, ukingo unavuta unyevu wa katikati na kutanuka, huku katikati panasinyaa. Ikipigwa na upepo wa baridi ingali ya moto, hali inazidi. Punguza moto kidogo na uongeze dakika ili ikauke sawasawa, kisha ipoze kwenye chumba kisichopitisha upepo. Ila usifunge ikiwa na uvuguvugu, kwa kuwa mvuke utageuka matone ya maji ndani ya pakiti na kazi yote imepotea.

Uzito ndio unaoleta ugomvi na Wakala wa Vipimo. Tuseme pakiti ni ya gramu 100, biskuti 12. Kila moja ikiwa gramu 8.5 unapata 102, na hizo mbili za ziada ni kinga yako. Pima biskuti kumi mbichi, zioke, zipime tena. Zikitoka gramu 100 hadi 86, zimepoteza asilimia 14, kwa hiyo donge bichi liwe karibu gramu 9.9. Uzito halisi hauhusishi kifungashio: pima pakiti kumi tupu pamoja, gawa kwa kumi, ndipo utoe. Na mizani iwe imehakikiwa. Ya jikoni inayoruka gramu moja moja haifai kukatia donge.

Mifuko ya kaki yenye dirisha inapendeza rafu, lakini kama haina utando ndani, unyevu unapita kama kawaida. Chukua filamu ya BOPP (plastiki nyembamba inayozuia unyevu), na ukiweza kumudu bei, yenye tabaka la kung'aa kama fedha, ambayo inazuia pia mwanga unaochachusha mafuta. Mshono wa kufungia pakiti uwe na upana wa milimita 5 au zaidi. Adui wake ni chembe na mafuta: futa mdomo wa mfuko kabla ya kubana. Kila unapoanza kazi, zamisha pakiti moja kwenye ndoo ya maji uibane kwa mkono. Ukiona mapovu, simamisha, rekebisha joto la mashine ya kubania.

Kuna jambo la mwinuko ambalo wengi hawalihesabu. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa uliyoifungia huku, ikishuka mteremko wa Kitonga hadi Dar es Salaam, inabanwa na kupungua karibu moja ya tano. Pakiti inanywea, ule mto wa hewa unaisha, biskuti zinagongana. Kwa mzigo wa kwenda pwani, pakiti isitegemee hewa: weka trei ndani, na katoni ijae bila nafasi ya kucheza.

Kwenye lebo andika jina la bidhaa, viambato kuanzia kilicho kingi kwa uzito, uzito halisi, jina na anwani ya mtengenezaji, nchi, namba ya toleo (yaani kundi lililookwa pamoja), tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, na namna ya kuhifadhi. Ngano, maziwa, mayai, soya na karanga zionekane wazi, kwani kuna mtu zinamdhuru kweli. Msimbo mstari (barcode) kutoka GS1 Tanzania, shirika linalotoa namba hizo, unaanza na 620. Usichapishe mistari yake kwa rangi nyekundu, mashine haitaisoma. Wala msimbo huo hauthibitishi ubora.

Tarehe ya mwisho usiinakili kwenye pakiti ya mwenzako. Chukua pakiti 20 za toleo moja: kumi zibaki Mbeya, kumi zishuke Kyela, kwenye joto na unyevu wa Ziwa Nyasa. Kila wiki mbili fungua moja ya kila upande, uivunje usikie mlio, unuse mafuta, upime uzito. Iliyoongezeka gramu imekunywa unyevu. Ya Kyela ikilegea wiki ya nane, muda wako uwe chini ya hapo, hata kama ya Mbeya bado inalia.