Ngozi ya Sangara Kirumba, Nyoka wa Bujora

Duka moja la zawadi mjini Mwanza linauza hereni "za ngozi ya sangara" kwa shilingi 45,000, na si za sangara. Ngozi ya samaki ina vifuko mahali magamba yalipokaa, na ukiikunja, midomo ya vifuko hivyo hufunguka. Tena havilingani: vya ubavuni ni vipana, vya kuelekea mkiani vinazidi kupungua. Zile zilikuwa plastiki iliyogongwa chapa. Alama ileile ilijirudia kila baada ya sentimita mbili, na nyuma kulibandikwa kitambaa cha kufumwa. Nilizirudisha mezani. Muuzaji akanieleza kwa upole kwamba wageni wengi hawakunji, wanavaa tu.

Sangara hawakuwa hata sababu ya safari. Nilitoka Tanga kwa ajili ya Bujora, makumbusho ya Wasukuma, na michoro ya Bayeye, wacheza nyoka wa Usukumani, ambayo watu wa mapambo tungeitumia zaidi kama tungeijua. Ni zaidi ya kilomita elfu moja kwa basi. Kiti hakilali, na kiyoyozi kilichoandikwa kwenye tiketi kilizimika baada ya Singida, nauli ikabaki palepale. Gesti ya Kirumba ilitaka 35,000 kwa chumba chenye chandarua kilichotoboka, na wadudu wa ziwani wanajua matundu yote. Kijana wa bodaboda aliyenitoa dukani ndiye aliyesema: "Dada, kama unataka za kweli, twende nyuma ya Mwaloni, kuna mama anazitengeneza." Mwaloni ni soko la samaki la Kirumba. Kwa mwendo mfupi vile akachukua elfu tatu. Nitasema hivi: ni elfu tatu iliyofanya kazi kuliko fedha zote nilizotumia Mwanza.

Nilimkuta mama huyo uani, ameinama juu ya gogo la mviringo, kisu butu mikononi. Nikamwamkia "Mwangaluka," akaitika, akanitazama viatu. "Karibu mwanangu. Vua hivyo, hapa kuna chokaa."

Mwanza kila kipande cha sangara kina mnunuzi. Minofu inakwenda viwandani na kusafirishwa nje, mapanki, yaani mifupa na vichwa vinavyobaki, yanakaangwa na kuliwa mitaani, mabondo, vile vifuko vya hewa vya tumboni, yana bei inayozidi ya nyama yenyewe. Ngozi ndiyo hubaki nyuma, na mama huyu huifuata asubuhi mapema kabla jua halijapanda, kwa sababu uharibifu huanza saa chache tu baada ya samaki kuchunwa. Akifika nayo nyumbani anaipaka chumvi ya mawe upande wa nyama, robo hadi theluthi ya uzito wa ngozi yenyewe. Chumvi ikiwa kidogo, bakteria hula kutokea ndani, na hasara huonekana baadaye, wakati kazi kubwa imeshafanyika: vifuko vinaachia na matundu yanajitokeza yenyewe.

Kosa linaloharibu ngozi nyingi kwa wanaoanza ni haraka ya kutoa magamba. Ukiyang'oa kwa nguvu yakiwa yameshikilia, kifuko kinachanika, na kifuko ndicho uzuri wote wa ngozi hii. Mama huiloweka kwanza kwenye maji ya chokaa, gramu 30 kwa kila lita, siku mbili, akiigeuza asubuhi na jioni. Ngozi huvimba, na magamba hutoka kwa mgongo wa kisu, kutoka mkiani kwenda kichwani. Hapo ndipo anapoinama juu ya gogo kukwangua nyama iliyobaki, kisu kikiwa kimelazwa ili kisichimbe.

Chokaa lazima itoke. Nilidhani atataja dawa ya gharama, kumbe anatumia mbolea ya SA (salfeti ya amonia) ambayo mkulima yeyote anaijua: gramu 20 kwa kila kilo ya ngozi, kwenye maji ya kutosha kuielea. Inatoa harufu kali inayochoma pua, kwa hiyo kazi hii hufanyika uani, haifanyiki chumbani. Kujua kama imetosha, anakata ukingo na kutazama unene wake. Katikati pakiwa pamevimba na panapitisha mwanga, chokaa bado imo. Kisha inafuata sabuni ya maji na kusuuza tena na tena, maana sangara ana mafuta mengi. Mafuta yakibaki, gundi haishiki, ngozi inatoka madoa, na hereni itanuka siku ya kwanza utakayokaa juani.

Katika hatua zote hizo, maji hayazidi joto la mkono. Ngozi ya samaki ambayo haijasindikwa hujikunyata kwenye maji ya moto ambayo ngozi ya ng'ombe ingeyavumilia, na haikunjuki tena. Ndoo zake zote ziko chini ya mwembe. Alinionyesha kipande kilichosahauliwa kwenye beseni juani: kimekuwa nusu ya ukubwa wake na ni kigumu kote.

Halafu magome. Anatumia unga wa magome ya miwati kutoka Njombe, na amepanga mapipa matatu. La kwanza lina maji dhaifu, rangi ya chai iliyopungua majani, la mwisho ni zito na jeusi. Ngozi hukaa siku mbili kwenye la kwanza, siku tatu kwenye la pili, kisha kwenye la tatu hadi iive, na kwa kawaida yote huchukua siku nane hadi kumi. Nilimuuliza kwa nini asianze na zito akaokoa wiki. "Ukianza na kali, juu panajifunga," alisema, "ndani panabaki pabichi." Tanini, dawa iliyomo kwenye magome inayoivisha ngozi, ikiwa nyingi kwa mara moja hukaza uso wa ngozi na kuziba njia ya kuingilia. Nje utaona rangi nzuri, lakini ukikata kona utakuta mstari mweupe katikati. Mstari huo ukionekana, ngozi inarudi pipani. Ukiupuuza, hereni itakakamaa ikikauka na kuoza ikilowa.

Mwisho ni mafuta kidogo yaliyokorogwa na maji ya sabuni ili yapenye, kisha ngozi inapigiliwa kwenye ubao kivulini. Kabla haijakauka kabisa anaivuta huku na huku kwenye ukingo wa meza hadi ilainike. Hii ndiyo hatua wanayoiruka wanaotaka kuuza mapema, na ndiyo maana kuna hereni za ngozi zinazokwaruza shingo.

Hapa mawazo yalikimbilia Tanga. Kwetu changu na kolekole huliwa na ngozi yake, hakuna anayeitazama kama kitu cha kuvaa. Na tulikuwa na magome: ya mikoko yana tanini nyingi, wazee walitilia rangi nyavu, na zamani pwani yetu iliyauza nje kwa ajili ya viwanda vya ngozi. Leo mikoko haikatwi bila kibali, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Miwati hupandwa, basi bora inunuliwe Njombe. Lakini ngozi za papa zinazotupwa ufukweni zilinisumbua akilini siku zote nilizobaki Mwanza.

Bujora nilikwenda kwa daladala hadi Kisesa, barabara ya Musoma, kisha kupanda kilima. Kituo kilianzishwa na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, katika miaka ya 1950. Kiingilio na malipo ya mwongozaji vilikuwa zaidi ya nilivyotarajia, ingawa mwongozaji alijua kazi yake: ngoma za watemi, viti vyao, habari za Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana kucheza kila Juni wakati wa tamasha la Bulabo. Nilisimama muda mrefu mbele ya simbi, yale makombe madogo ya kauri. Hazitoki kwenye ziwa hili, ni za Bahari ya Hindi, zilipanda na misafara kutoka pwani. Mtu wa huku alichukua gamba la kwetu akalipa heshima ambayo sisi tunaolikanyaga hatujawahi kulipa.

Michoro ya Bayeye nilikuwa naijua kwa nakala. Wacheza nyoka waliichora ndani ya nyumba zao za mafunzo, na Hans Cory, mtaalamu wa jamii katika serikali ya kikoloni, aliinakili na kuichapisha mwaka 1953. Nyoka na watu wakubwa, bapa, bila kivuli, kwa rangi chache. Wanaotengeneza mapambo wakipenda mchoro, huupunguza wote hadi ukubwa wa hereni, na hapo ndipo wanapoukosa. Hereni ya sentimita sita hutazamwa kutoka hatua mbili tatu. Nyoka mzima akiwa humo anageuka mkwaruzo. Chukua kanuni ya mchoro, acha picha: mstari mmoja mnene wa mwili, madoa yaliyoachana sawasawa, uwanja mtupu pembeni. Na mstari uachwe ukatike ukingoni. Sisi wa kanga tumezoea kuzungushia kila kitu pindo na kuweka mji katikati, mkono unakwenda huko wenyewe. Nyoka huyu hataki pindo. Aanzie sikio la kushoto, amalizikie la kulia.

Nilirudi Kirumba na michoro ya penseli, na mama akaichukua kwa uzito uleule anaochukulia mapipa. Kwanza alichagua ngozi. Hereni ya kushoto inakatwa ubavu wa kushoto wa samaki, ya kulia ubavu wa kulia, mahali palepale, ili vifuko vitazamane. Ukikata zote mbili upande mmoja, moja itaonekana imevaliwa kinyume, na mvaaji hatajua kwa nini haipendi.

Kwa wekundu hakutaka rangi. Ngozi ya miwati yenyewe hukolea wekundu ikikaa kwenye mwanga, wakati udongo mwekundu ungeacha alama kwenye kola. Weusi alitoa kwenye chupa ya siki nyeupe, lita moja na gramu mia za misumari yenye kutu, iliyokaa wiki nzima. Mdomo hufunikwa kwa kitambaa, usizibwe, maana chuma na siki hutoa gesi na chupa iliyozibwa hupasuka. Brashi ikigusa, tanini na chuma hukutana na ngozi inakuwa nyeusi papo hapo, ndani ya nyuzi zake, kwa hiyo haibanduki. Lakini chuma kikizidi hula ngozi na baada ya miezi inapasuka. Dakika chache tu zikipita anafuta kwa maji ya magadi, kijiko kimoja cha chai kwa lita, kisha maji matupu. Magadi yakizidi nayo huikausha.

Weupe ni shanga za milimita mbili, kwa nyuzi za nailoni. Okota nne, teremsha sindano, panda kati ya ya pili na ya tatu, pita tena ndani ya mbili za mwisho. Sindano iwe nyembamba ya mviringo, kwa sababu ile ya pembe tatu ya mafundi viatu hukata, na matundu yasikaribiane chini ya milimita mbili. Nyuma hubandikwa kipande kingine cha ngozi kwa gundi ya viatu, baada ya kuiacha hadi isinate kidoleni. Tundu la kipete, kile kiduara cha waya kinachoshika kulabu, hupigwa kwa panchi, milimita nne kutoka ukingoni. Msumari hausaidii, unavuta nyuzi na tundu linapanuka. Kipete hufunguliwa kwa kukizungusha kando, kamwe si kwa kukipanua. Kulabu ziwe za stenlesi, kwa maana za bei ndogo mara nyingi zina nikeli, na masikio yanayowasha ni mteja aliyeondoka. Hereni moja isizidi gramu saba.

Aliniuzia jozi kwa 18,000, pamoja na ngozi tano zilizoiva kwa bei ambayo naona aibu kuitaja kwa jinsi ilivyo ndogo ukilinganisha na siku zake kumi za mapipa. Nilimwambia apandishe. Akasema wateja wa Mwanza watakimbilia lile duka la plastiki. "Wa Tanga je?" akaniuliza, nami nikamwahidi kwamba kila jozi nitaiuza 30,000, na kati ya hizo yake iwe 20,000. Wabeja, yaani asante, mama.

Ngozi zifungwe kwa gazeti au kitambaa, si mfuko wa nailoni, hasa kwetu pwani ambako unyevu hutoa ukungu ndani ya wiki. Pale stendi ya mabasi ya Nyegezi kondakta aliona gazeti, akasikia neno sangara, akadai 10,000 ya mzigo unaonuka. Nilifungua, nikampa anuse, abiria wawili wakanusa pia, mmoja akauliza bei ya hereni. Kondakta akashuka hadi 5,000, na risiti hakutoa.